Karani wa Kila Dakika Kumi

Kuna programu moja ya kompyuta ninayoipenda, na sioni haya kusema hivyo. Haina picha, haina rangi, haina kitu cha kubofya. Unaandika herufi tatu kwenye skrini nyeusi, unabonyeza, nayo inakumwagia safu za tarakimu: saa fulani mashine ilifanya kazi kiasi gani, kumbukumbu yake ilijaa kiasi gani, diski ilisomwa mara ngapi. Kila baada ya dakika kumi inaamka, inaitazama mashine, inaandika ilichokiona, inalala tena. Haimsifu mtu na haimsengenyi mtu. Siku ikiisha inafunga ukurasa na kufungua mwingine, na ukurasa ukishatimiza kama mwezi mmoja inautupa bila kuuliza.

Mimi nilikuwa naiita Karani. Wenzangu niliosoma nao wakisikia wananicheka, lakini wao wana programu za bei mbaya zenye michoro ya kupanda na kushuka, na bado wakiulizwa mashine ilikuwaje jana saa tatu wanaanza kukuna kichwa.

Nilimweka Karani kazini wiki yangu ya kwanza kwenye kituo kimoja cha afya Mtoni, nyuma kidogo ya Barabara ya Kilwa. Seva ilikaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya dawa, na mpaka naondoka kilikuwa bado kinanuka spiriti na vidonge vya vitamini. Nilikuwa mtu wa kompyuta, maana yake nilikuwa mtu wa kila kitu chenye waya. Karatasi ikikwama kwenye printa, dada wa kompyuta. Televisheni ya mapokezi ikigoma, dada wa kompyuta. Siku moja niliitwa kuangalia jokofu la chanjo, nikaenda, nikalifunga mlango vizuri, likapona.

Mwenye kituo alikuwa daktari, mtu wa familia ya Kihindi, Mashia, waliokaa Temeke muda mrefu kuliko nyumba nyingi zilizopo. Kiswahili chake kilikuwa cha Mtoni hasa, cha haraka, na ungemfumba macho msikilizaji, angedhani anaongea na kondakta. Alikuwa na kasoro moja, kama ni kasoro: hakuamini kitu ambacho hakijaandikwa. Hata presha yake mwenyewe aliipima kila asubuhi na kuiandika kwenye kijitabu. "Usinipe maneno," alikuwa akisema. "Nipe karatasi."

Dirisha la kadi, pale wagonjwa wanapojiandikisha kabla ya kumwona daktari, lilikuwa la mama mmoja wa Kipare. Nasema lilikuwa lake kwa sababu alikaa pale tangu enzi za mafaili ya karatasi, kabla yangu, kabla ya seva, kabla Dokta mwenyewe hajarudi kutoka masomoni. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa mjane, na hakujaliwa mtoto. Mtaani watu wazima wa kike wote wanaitwa Mama Fulani, na yeye, kwa kukosa huyo fulani, wagonjwa walimwita Mama Kadi. Aliitikia vizuri tu.

Mimi ni Mchaga, na Mchaga na Mpare ni watani. Siku ya kwanza nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kuhesabu vitasa vya milango nijue vya kung'oa. Nikamjibu kwamba nimekuja kuona Mpare ambaye hajawahi kumpeleka mtu mahakamani, maana nimeambiwa yupo mmoja. Watu waliokuwa kwenye benchi walishtuka. Yeye alicheka mpaka miwani ikadunda kifuani.

Alikuwa anakuja na hotpoti ya makande kwenye kikapu cha plastiki. Kila saa nne kamili alifunga dirisha kwa robo saa na kula, na hakuna mgonjwa aliyethubutu kugonga kioo katika robo saa ile. Kesho yake baada ya utani wetu alinipigia simu chumbani kwangu. Nilipofika nikakuta hotpoti imefunguliwa na ina vijiko viwili.

Tatizo letu lilikuwa asubuhi. Tulifungua saa moja, na tangu saa moja mpaka karibu saa tano mfumo ulikuwa mzito kupita kiasi. Daktari anabonyeza jina la mgonjwa, anampima joto, anamaliza, na faili bado halijafunguka. Foleni ilitoka nje mpaka ikaishia kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Watu wenye homa hawana subira, na sie wenye kazi zetu hatuna pia. Mchana mambo yalikuwa laini, ukibonyeza tu, limekuja.

Dokta akaniita.

"Sista, hii ishu ya asubuhi ni mashine au ni mtu?"

"Mashine, Dokta."

"Umejuaje?"

"Mashine yenyewe ya zamani. Asubuhi watu wengi, inaelemewa."

"Hayo maneno." Alifungua kijitabu chake cha presha, akakifunga. "Mkataba wa Mama Kadi unaisha mwisho wa mwezi. Kama ni mashine, nanunua mashine. Kama ni mtu, inabidi nitafute anayechapa haraka. Siyo kwamba napenda. Yule mama alinijua mie nikiwa na kaptula. Lakini kuna watu wanakaa pale nje wanatetemeka. Huyo Karani wako si anaandika kila kitu?"

"Anaandika, Dokta."

"Basi niletee wiki mbili."

Nilipotoka nilimkuta Mama Kadi ameshajua. Kuta za kituo kile zilikuwa za mbao nyepesi na yeye alikuwa na masikio mazuri. Alikuwa na mwaka na nusu tu kufikia kustaafu.

"Mie kutoka siogopi," aliniambia, huku akifuta miwani kwa pindo la kitenge. "Kila mtu hutoka. Ila nataka nitoke kwa keki. Nimewaona hapa, mtu akistaafu anakatiwa keki, anapigwa picha, anaimbiwa. Sitaki kutoka kwa barua. Barua hiyo nikienda nayo Same wataisoma ukoo mzima, mpaka kuku."

"Usijali mama. Karani atakutetea."

Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa. Nakumbuka hata nilipiga meza kidogo.

Wiki mbili zikapita. Katikati yake alifiwa na kaka yake, akaenda kuzika Same, siku tatu, na binti mmoja wa maabara akashika dirisha. Aliporudi alikuwa amepungua uso, lakini hotpoti ilikuja kama kawaida. Siku ya mwisho ya zile wiki mbili nilijifungia kwenye stoo yangu ya dawa, nikaandika herufi zangu tatu, nikaanza kusoma.

Kuna safu moja ninayoitazama kwanza kuliko zote. Inaonyesha ni kiasi gani cha muda wake ubongo wa mashine umekaa bure ukiingoja diski ilete kitu. Mimi naiita safu ya benchi, kwa kuwa hata wagonjwa wetu walikuwa hivyo hivyo, wamekaa, hawafanyi kitu, wanangoja. Safu ile ikipanda, ujue kuna mtu anaituma diski kupekua kila kitu kuanzia mwanzo.

Ilipanda saa moja na dakika kumi. Ikakaa juu. Saa nne ikashuka ghafla, mstari mmoja tu uliotulia, kisha ikapanda tena. Nikageuza ukurasa wa siku iliyofuata: vilevile. Ya tatu, vilevile, na ule mstari mmoja uliotulia pale pale saa nne. Sikuhitaji kuambiwa saa nne kuna nini. Saa nne kuna makande.

Nikatafuta zile siku tatu za msiba. Safu ya benchi ilikuwa karibu na sifuri asubuhi yote, siku zote tatu. Foleni ile ile, mashine ile ile, ila dirishani alikaa mtu mwingine.

Nilimchukia Karani kwa dakika kama tano. Nilimtukana kwa sauti, peke yangu mle ndani, matusi ambayo mama yangu mzazi asingependa kujua ninayajua. Kisha nikatoka nikaenda kukaa nyuma ya Mama Kadi nione anafanya nini.

Alikuja mama mmoja mwenye mtandio wa bluu, anakohoa.

"Shikamoo Mama Kadi."

"Marahaba. Jina?"

"Mie Mama Mapacha. Nimo humo kwenye kompyuta yenu."

Basi. Mama Mapacha, kama vile Temeke nzima ina jozi moja tu ya mapacha. Mama Kadi hakumwuliza jina la kwenye kitambulisho. Alivaa miwani, akaenda kwenye kile kisanduku cha kutafuta ndani ya maelezo ya mgonjwa, kile ambacho waliotengeneza mfumo walikiweka kwa ajili ya dharura, akaandika neno moja: mama. Akabonyeza. Mashine ikaanza kusoma kila faili la kila mgonjwa aliyewahi kukanyaga kituo kile, maelezo yote, neno kwa neno. Nilisikia feni ya seva kupitia ukuta. Vyumbani madaktari nao wakawa wanangoja. Orodha ikaja, ndefu mno, majina mamia kwa mamia, na Mama Kadi akaanza kuishuka taratibu kwa kidole juu ya kioo.

"Wa kwa fundi baiskeli au wa kule kwenye mashine ya kusaga?"

"Wa kwa fundi baiskeli."

"Ee. Huyu hapa." Akafungua. Juu ya faili kulikuwa na maandishi mekundu: ASIPEWE PENISILINI, HUVIMBA USO. "Mapacha hawajambo? Yule wa kulia ameacha kunyonya kidole?"

Nilirudi stooni kwangu na nikakaa. Nilikuwa nimeelewa sasa, na kuelewa hakukunisaidia. Dokta aliuliza swali moja, mashine au mtu, na jibu la Karani lilikuwa mtu. Ningeweza kwenda kumweleza yote, maelezo na kidole na fundi baiskeli, lakini hayo yangekuwa maneno, na Dokta alitaka karatasi. Karatasi ilikuwa inasema barua. Niliona uso wa yule mama akiisoma, nikashindwa.

Karani anakubali kuambiwa aanzie saa ngapi. Ni amri ndogo tu, unaongeza herufi moja na saa unayotaka. Nikamwambia aanzie saa tano. Nikachapa siku zote kumi na nne, kila moja kuanzia saa tano ya asubuhi, kurasa safi zilizotulia, nikazipiga pini, nikampelekea Dokta. Nikamwambia mashine haina tatizo la kudumu, pengine ni mtandao, nitafuatilia. Sijawahi kudanganya kwa kutumia tarakimu za kweli kabla ya siku ile.

Kesho yake aliniita. Mama Kadi alikuwa ameshaitwa kabla yangu, amekaa kwenye kiti cha wagonjwa na kikapu chake mapajani. Karatasi zangu zilikuwa mezani.

"Sista," Dokta alisema, "sie tunafungua saa ngapi?"

"Saa moja, Dokta."

"Karatasi hizi zinaanza saa tano. Zote. Asubuhi iko wapi?"

Nikaanza kusema kitu kuhusu ukubwa wa karatasi. Mama Kadi alivaa miwani, akavuta kurasa zile, akapitisha kidole kama alivyopitisha kwenye orodha zake. Hakujua kusoma safu za Karani, lakini saa alijua kuzisoma, na mimi alinijua.

"Asubuhi ni yangu," alisema. "Nenda kailete."

"Mama..."

"Nenda kailete, we Mchaga. Mie siendi kwenye kesi na nusu ya karatasi."

Nilikwenda. Printa ile, ambayo kila siku hukwama, siku hiyo haikukwama. Nilirudi na asubuhi zote kumi na nne, nikaziweka mezani, nikaonyesha safu ya benchi kwa kalamu: hapa inapanda, hapa saa nne inashuka, hapa inapanda tena. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Huku juu ni mie?" aliuliza Mama Kadi.

"Ndiyo, mama."

"Na hapa nimekula."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe naichosha hivi," alisema, na nilisikia kwamba imemuuma kweli. Miaka yote alidhani mashine ndiyo inayomchelewesha yeye. Dokta naye alikuwa ameinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kuanza kusema lile alilopaswa kusema.

Lakini Mpare hajamaliza kesi mpaka amalize. Alisogeza kurasa zile tatu zilizolala.

"Na hizi?"

"Ulikuwa msibani, mama."

"Mashine ilipumzika."

"Ilipumzika."

"Sasa Dokta, naomba huyu aniangalizie kitu kimoja. Siku hizo tatu mashine ilipumzika, wagonjwa je? Walifunguliwa mafaili yao, au walipewa mapya?"

Dokta akanigeuzia kompyuta yake. Nikatafuta. Zile siku tatu tulikuwa tumepata wagonjwa wapya wengi kuliko miezi kadhaa ukiiweka pamoja. Binti wa maabara hakuwa na kosa, alifanya nilivyomfundisha mwenyewe: andika jina, lisipoonekana, fungua faili jipya. Na majina hayakuonekana, kwa sababu mtu leo anataja jina la baba, kesho la mume, keshokutwa anasema yeye ni Mama Mapacha na anashangaa unachoshangaa.

"Mtafute huyo wa kwa fundi baiskeli," alisema Mama Kadi. "Aliniambia alikuja nikiwa sipo."

Alikuwa na mafaili mawili. Nikayaweka pamoja kwenye skrini. La zamani lilikuwa na yale maandishi mekundu. Jipya lilikuwa jeupe halina kitu, ila maelezo ya kikohozi, na chini yake dawa aliyoandikiwa, ya jamii ile ile ya penisilini, na jina la aliyeiandika. Alikuwa Dokta mwenyewe.

Alichukua simu na kumpigia pale pale mbele yetu. Tulisikia sauti ya yule mama ikitoka kwenye simu, haina wasiwasi hata kidogo. Hapana Dokta, hakuzimeza. Alipofika dirisha la dawa akaziona, akasema hizi huwaga zinanivimbisha, akazirudisha, akanywa tangawizi. Kikohozi ndicho kilichomrudisha jana.

Dokta alimshukuru, akakata simu, akaiweka mezani taratibu. Mtu ambaye haamini kisichoandikwa alikuwa anatazama faili lisiloandikwa kitu.

"Alijiokoa mwenyewe," alisema mwishowe.

"Alijiokoa," alijibu Mama Kadi. "Watoto wadogo hawajiokoi."

Mkataba ulisainiwa pale pale, kwa kalamu yangu niliyokuwa nikionyeshea. Dokta aliniambia mashine mpya hatanunua, ila hii iliyopo niitengeneze imfuate Mama Kadi badala ya yeye kuifuata. Kisha akanibakiza wakati mama ameshatoka. "Ungeniletea hizo asubuhi na maelezo yake kwa pamoja, ningesikiliza," alisema. Sina hakika kama ningemwamini siku iliyotangulia. Leo namwamini, na hilo linaniaibisha.

Dokta alinisamehe dakika ile ile. Mama Kadi hapana. Saa nne nilikwenda dirishani, nikakuta hotpoti ina kijiko kimoja.

"Mtu anafichwa akiwa na kosa," aliniambia, mdomo umejaa. "Wewe ulikaa nyuma yangu, ukaniona ninavyofanya, hukuniuliza hata neno. Ukaenda ukanihukumu mwenyewe huko stooni, halafu ukanifichia. Nani alikwambia nina kosa?"

Alikuwa anasema kweli tupu. Nilikuwa nimempenda bila kumwuliza chochote, na nikaona upendo huo unatosha. Ile wiki nilikula chapati za mgahawani, kavu, na nilistahili.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua siku mbili. Niliweka kisanduku kipya kwenye kila faili, Anajulikana Kama, na nikaipangia mashine namna ya kukipekua bila kusoma vitu vyote tangu mwanzo. Maneno ya kukijaza yalikuwepo tayari, maana Mama Kadi alikuwa ameyaandika kwenye maelezo miaka yote, kwa herufi kubwa, bila kuagizwa na mtu. Amri moja iliyahamisha yote, lakini niliyasoma kidogo wakati yanapita. MAMA MAPACHA WA KWA FUNDI BAISKELI. BIBI WA MAANDAZI, MGUU WA KUSHOTO. BABA MCHUNGAJI, HUSINZIA, AAMSHWE. ANKO WA GONGO LA MBOTO, HUSEMA HAUMWI, ANAUMWA. Kulikuwa na maelfu. Nilifika mahali nikaacha kusoma kwa sababu nilikuwa peke yangu mle ndani ninafuta machozi na kamasi kwa karatasi ya printa.

Jumatatu iliyofuata safu ya benchi ililala. Saa moja na kumi, saa moja na ishirini, saa mbili, hakuna kitu. Nilikimbia na karatasi mpaka dirishani. Aliitazama kwa miwani, akanirudishia.

"Sasa hapa nitajuaje kama nimekuja kazini?"

Halafu akafungua hotpoti. Vijiko vilikuwa viwili.

Mwaka na nusu uliisha upesi kuliko nilivyopenda. Wiki yake ya mwisho alikuwa anachapa zaidi ya kawaida, hata wakati dirishani hakuna mtu, na nilipochungulia alinifukuza. "Toka hapa. Siyo kila kitu ni cha Karani." Ijumaa Dokta alikata keki kwa mkono wake. Ilikuwa kubwa, ya pinki, na aliyeiandika alikosea, akaandika Mama Kadi badala ya jina lake. Mama Kadi mwenyewe akasema hajakosea. Alipigwa picha, akaimbiwa, akalia kidogo, akanitania kwamba Mchaga nimekula vipande vitatu na kimoja nimekitia mfukoni. Kesho yake alipanda basi la Same pale stendi ya Mbezi Luis, na kikapu chake.

Karani, kama nilivyosema, huutupa ukurasa ukishatimiza mwezi. Kwa hiyo mwezi mmoja baadaye hapakuwa na asubuhi hata moja ya Mama Kadi ndani ya mashine. Niliitazama siku ile ya mwisho ikifutika, na sikuizuia.

Kisha malaria ikanikamata mimi. Nilisimama kwenye foleni na wenzangu, natetemeka, sweta mbili mwilini. Sikuwahi kuugua pale, na sikukumbuka kama nina faili. Binti mpya wa dirishani hakuwa akinifahamu vizuri bado. Aliniuliza jina, nikamtajia, akaandika, na faili likaja hapo hapo bila kusubiri.

"Upo," alisema. Kisha akasogea karibu na skrini, akakunja uso. "Dada, mbona hapa pameandikwa hivi?"

Aligeuza skrini nione. Yalikuwa maandishi mekundu, herufi kubwa: HAPENDI SINDANO. ASIACHWE KULA PEKE YAKE. Na juu yake, kwenye kile kisanduku nilichokitengeneza kwa mikono yangu, Anajulikana Kama: MWANANGU WA KOMPYUTA. HUFICHA ASUBUHI.

"Ni wewe kweli huyu?" aliuliza yule binti. "Au nifungue jipya?"

"Usifungue jipya," nilimwambia. "Ni mie."